Usafi wa mtaa tunaanza wengi tunabaki wachache, mnafanyaje watu waendelee kutenganisha taka?

binti_wa_mtaroni

Habari za saa hizi wadau. Naomba mawazo yenu maana mimi na wenzangu tumefika mahali tunaangaliana tu hatujui tushike lipi. Mtaani kwetu tuna kikundi cha mazingira, tulianza kwa nguvu kwelikweli, siku ya kwanza ya usafi watu walitoka na mafagio, majembe, matoroli, tukazibua mtaro wote unaopita nyuma ya nyumba, tukajaza viroba mpaka vikaisha, picha zikapigwa, kila mtu na furaha yake. Siku iliyofuata wakapungua, iliyofuata tena wakapungua zaidi, na saivi tunaotoka ni walewale, wengine wanapita wanatusalimia wanaendelea na safari zao. Na mtaro umeshaanza kujaa tena jamani, chupa, mifuko, nepi, mabaki ya jikoni, kila kitu kimo humo. Mvua ikinyesha maji hayana pa kupita yanaingia majumbani kwa watu, na yanaingia kwa anayetupa na asiyetupa.

Tukaona tusiishie kufagia, tukaweka mapipa, moja la plastiki, moja la karatasi, moja la vinginevyo, tukayapaka rangi na maandishi makubwa. Wiki za mwanzo yalikwenda vizuri, baadaye ukifunua la karatasi unakuta maganda na majani ya chai, la plastiki lina nepi. Mbaya zaidi gari la taka likija linamwaga mapipa yote pamoja na watu wameliona kwa macho yao, sasa ukimwambia mtu atenganishe anakuuliza nitenganishe ili iweje, na hapo jibu linakosekana.

Halafu kuna chupa tulizokusanya, zimejaa kwenye stoo ya mwenzetu mmoja, akaja mnunuzi akaziangalia akasema ni chafu na zimechanganywa hawezi kubeba. Mwenye stoo anataka nafasi yake, ana haki.

Ninachotaka kujua kwa mliofanikiwa ni hiki, watu wa kawaida wenye shughuli zao mnawafanyaje waone hili ni lao na waendelee nalo hata msisimko ukiisha? Na kuchakata taka kwa kikundi kidogo kunaanzia wapi hasa? Naombeni msiniambie elimu itolewe, elimu tumetoa mpaka koo limekauka, watu wanajua kabisa taka zikitupwa ovyo ni mbaya, shida iko kwingine.

fundi_chakavu

Dada hongera kwanza kwa kuzibua huo mtaro, hiyo kazi naijua uzito wake. Mimi niko upande wa pili wa hiyo stoo yenu, kazi yangu ni kununua na kuchambua plastiki na chuma chakavu, vikundi vya mazingira vinakuja kwangu kila mara na wengi wao wanakuja na shida hiyohiyo, kwa hiyo ngoja niseme ninavyoona mimi.

Mmeanzia kwenye pipa. Kuchakata kunaanzia mwisho, kwa mtu atakayechukua mzigo. Kabla hamjanunua hata pipa moja, tafuta wanaonunua eneo lenu, kaa nao chini uwaulize unachukua aina gani, unataka ziwe katika hali gani, mzigo mdogo kabisa unaoweza kuja kuubeba ni kilo ngapi, usafiri ni wa nani, unalipa papo hapo au baadaye. Mkishapata majibu hayo ndo mnarudi mtaani kuwaambia watu tunakusanya hiki na hiki tu, basi. Kikundi kinachokusanya vitu viwili vyenye mnunuzi kinadumu, kinachokusanya kila kitu kinaishia kuwa dampo dogo ndani ya stoo ya mtu.

Sasa kuhusu kuchanganywa, watu wengi wanadhani plastiki ni plastiki. Angalia chini ya chombo kuna pembetatu ya mishale na namba kati ya 1 na 7. Namba 1 ni PET, chupa za maji na soda. Namba 2 ni HDPE, madumu na makopo ya sabuni na shampuu. 3 ni PVC, ile ya mabomba, 4 ni plastiki laini za mifuko, 5 ni PP ambayo ni vifuniko vingi, ndoo, na vyombo vya plastiki, 6 ni polistairini ikiwemo ile nyeupe nyepesi ya kufungashia, 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki. Ile alama haimaanishi kwamba kitu kitachakatwa, watu wanaisoma vibaya hiyo, inakuambia tu kimetengenezwa kwa nini. Zenye soko la uhakika sehemu nyingi ni 1 na 2, mara nyingi na 5. Na haziyeyushwi pamoja maana kila moja ina joto lake, PVC kidogo tu ikiingia kwenye PET inaharibu mzigo mzima, ndo maana huyo mnunuzi wenu alikataa, hakuwa na roho mbaya.

Kama namba imefutika kuna njia rahisi ya maji. Kata kipande, kisugue kwenye maji hewa isishike, kizamishe. HDPE na PP zinaelea, PET na PVC zinazama. Ndo maana hata kiwandani kifuniko na chupa vinatenganishwa kwenye tangi la maji baada ya kusagwa. Njia hii haiwezi kukutofautishia PET na PVC kwa sababu zote zinazama, hapo unarudi kwenye namba na macho.

Halafu chupa ni hewa tupu. Kiroba kizima cha chupa zisizobanwa hakina uzito wa maana, unalipia gari kusafirisha hewa. Suuza, mwaga maji yote, ponda, ndo ufunge kifuniko, waulize wanunuzi wenu kama wanakitaka kifuniko au hawakitaki maana wanatofautiana. Na zisikae nje zikiwa wazi zinakinga mvua, mbu wa dengi anazaliana kwenye maji kidogo sana na kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuwa siku saba mpaka kumi tu, sasa kikundi cha mazingira kikiwaletea watu mbu hakuna atakayewasikiliza tena.

Na makopo ya alumini msiyaache. Kuyeyusha alumini iliyotumika kunatumia nishati pungufu kwa kama asilimia 95 kuliko kuitoa kwenye mawe yake, ndo maana kila mtu anaitaka. Anza na hiyo, chuma, na PET safi.

mama_bustani

Amesema vizuri fundi, ila hiyo yote haitawezekana kama hamjashughulikia taka za jikoni. Hapo ndo mzizi ulipo mwanangu. Ukiona karatasi zimelowa, chupa zinanuka, nzi wamejaa, mnunuzi anaziba pua, chanzo ni mabaki yaliyochanganyika na vitu vikavu. Benki ya Dunia ilitoa ripoti mwaka 2018 kwamba dunia nzima ilizalisha taka za majumbani na mijini tani bilioni 2.01 kwa mwaka 2016, na asilimia 44 yake ilikuwa ni mabaki ya chakula na majani, na kwenye nchi zenye kipato cha chini yanapita nusu kabisa. Sasa ukiitoa hiyo nusu kwenye pipa, kilichobaki ni kikavu, hakinuki, kinakaa hata wiki mbili bila kumsumbua mtu.

Kwa hiyo mimi nasema achaneni na mapipa matatu ya rangi. Kila nyumba iwe na vyombo viwili tu, kinachooza na kisichooza, na kutenganisha kufanyike jikoni pale pale taka inapozaliwa, sio barabarani. Pipa la barabarani halina mwenyewe, anayetupa hajulikani, aliyechanganya hajulikani. Ndoo ya jikoni ina mwenyewe. Kuna mji mdogo Japani unaitwa Kamikatsu, una watu chini ya 1,500 tu, wao wanatenganisha taka kwa makundi zaidi ya 40 na wanachakata kama asilimia 80, watu wanasikia hiyo 40 wanataka kuiga. Lakini hawakuanzia hapo, waliongeza makundi kidogo kidogo kwa miaka, na mabaki ya jikoni hayaingii kabisa kwenye kituo chao, kila nyumba inatengeneza mboji yake. Watu hawaoni hicho kipande cha pili.

Mboji yenyewe haina uchawi. Unahitaji vitu vibichi vyenye maji, maganda, mboga zilizoharibika, majani mabichi, na vitu vikavu, majani makavu, maranda, maboksi yaliyochanwachanwa yasiyo na nailoni. Kila ndoo moja ya vibichi weka ndoo mbili mpaka tatu za vikavu. Wengi wanashindwa hapa hapa, wanarundika maganda matupu, yanatoa maji, yananuka, majirani wanalalamika, mradi unakufa. Ukisikia harufu mbaya ongeza vikavu na ugeuze, ni kwamba hewa haiingii. Ukiona haiozi na imekauka, nyunyiza maji. Unyevu wake uwe kama sponji uliyoikamua, ukiishika unahisi maji ila hayachuruziki. Nyama, samaki, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka usiweke, vinaita panya na wadudu. Rundo likiwa na ukubwa wa kama mita moja kila upande linajipasha moto lenyewe katikati, linaweza kupita nyuzi 55, hapo mbegu nyingi za magugu na vimelea vinakufa. Ukigeuza mara kwa mara miezi mitatu minne unapata mboji, usipogeuza itachukua muda mrefu zaidi ila itakuwa tu.

Asiye na uwanja atumie ndoo yenye matundu, au wakazi kadhaa wawe na shimo moja na mtu anayelisimamia. Na hilo neno la kulisimamia msilipite haraka, rundo la wote lisilo na msimamizi linageuka jalala, nimeliona sana hilo.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii, mabaki yakifukiwa dampo bila hewa yanatoa methani, na hiyo gesi ndani ya miaka 20 inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kabonidioksidi. Mtu anayeweka maganda yake kwenye mboji anafanya kazi kubwa kweli, hata kama hakuna anayempiga picha.

Na wanaochoma taka uani, jamani, naomba mliongee hili kwenye vikao vyenu. Moshi wa plastiki, hasa ile namba 3 aliyoitaja fundi, unatoa dioksini, ni sumu inayokaa mwilini miaka na miaka. Watoto wanacheza hapohapo.

mzee_wa_kikao

Nimesoma kwa makini. Binti yangu, fundi na mama wameshakujibu kuhusu taka, mimi nijibu kuhusu watu maana ndilo swali lako la kwanza.

Watu wako hawajachoka kutunza mazingira, wamechoka kuitwa. Hebu angalia, nani alichagua siku ya usafi? Nani aliamua mapipa yakae wapi, nani alichagua rangi, nani anajua kiasi gani cha chupa kimekusanywa? Kama jibu ni nyinyi viongozi wa kikundi basi kwa wengine ule ni mradi wenu na wao ni wasaidizi, na msaidizi anasaidia siku akiwa na nafasi. Kulikuwa na mama mmoja msomi, Elinor Ostrom, alipata Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata hiyo ya uchumi. Yeye alichunguza sehemu nyingi duniani ambako watu wanatumia kitu kwa pamoja, misitu, malisho, mifereji ya kumwagilia, sehemu za uvuvi, akauliza kwa nini kwingine vinadumu miaka mamia na kwingine vinakwisha. Wakati ule wengi waliamini cha wote lazima kiharibike, isipokuwa serikali ikichukue au kipewe mtu binafsi. Yeye akaonyesha sivyo, watu wanaweza kukitunza wenyewe, na katika aliyoyakuta ni kwamba wanaoguswa na sheria ndio wanaoshiriki kuitunga, wanaoangalia utekelezaji ni wenyewe au wanawajibika kwao, na anayekosea adhabu inaanza ndogo ndipo inapanda. Mtaro wenu ni kitu cha wote vilevile.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningesimamisha siku za usafi kwa muda. Nyumba kwa nyumba, sio mkutano maana mkutanoni wanaongea walewale, ukaulize swali moja, nini kinakuzuia. Utashangaa. Mmoja atakuambia siku hiyo anafanya kazi, mwingine ana mgongo hawezi kuinama, mpangaji atakuambia mwenye nyumba hajaweka chombo cha taka, mwingine gari la taka halifiki kwake akae nazo vipi. Hizo ni shida nne tofauti na kwa zote nne dawa iliyotumika ni moja, njooni mfagie. Mzee asiyeweza kuinama anaweza kutunza daftari la mizani. Kijana wa zamu ya mchana anaweza kupeleka mzigo asubuhi. Mpangaji mnamsaidia kuongea na mwenye nyumba.

Mgawanye mtaro vipande pia. Kipande hiki ni cha nyumba hizi sita, kile cha zile nane, wenyewe wapange wanakisafisha lini na vipi. Mtaro mrefu wa watu wote unaangaliwa na kila mtu kwa jicho la mbali, ila kipande kilicho mbele ya mlango wangu nikikuta mtu anatupa nepi nitamsemesha.

Halafu mhesabu kinachobaki, msihesabu kilichofanyika. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama waliokuwa wanapanda miti walikuwa wanapewa posho kidogo kwa kila mche uliopona. Mche uliopona, sio uliopandwa. Tofauti hiyo ni kubwa sana maana kupanda ni shughuli ya siku moja yenye picha nyingi, kumwagilia na kuzuia mbuzi ni kazi ya kila siku isiyo na picha. Kwenu nyinyi msitangaze viroba vilivyojazwa siku ya usafi, viroba vingi maana yake taka nyingi zilitupwa. Tangazeni kipande kipi cha mtaro kimekaa safi tangu mara ya mwisho, na kilo zilizouzwa, na hela imekwenda wapi. Hela hasa. Bandikeni ukutani kila mtu aone mapato na matumizi hata kama ni kidogo, vikundi vingi vya mtaa vimekufa kwa minong'ono ya hela kuliko kwa uvivu.

Na kuna watu hamjawataja kabisa, waokota chupa. Wale wanaopita alfajiri na magunia. Hao ndio wachakataji wenu wa kwanza, wanajua bei, wanajua wanunuzi, wanajua nyumba zipi zina nini. Mkianzisha mradi bila wao mnawanyang'anya riziki na watafungua mapipa yenu usiku. Kaeni nao kikao kimoja na heshima yao. Kule Pune, India, waokota taka walijiunga chama mwaka 1993, na 2008 wakaanza ushirika wao unaoitwa SWaCH kwa makubaliano na manispaa, wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa, nyumba zinawalipa ada na vinavyouzika ni vyao. Na hapo ndipo utapata jibu la yule anayeuliza atenganishe ili iweje, taka kavu anamkabidhi mtu anayemjua jina, mkononi, kabla gari halijafika. Gari linabeba kilichobaki.

kweli_iko_wapi

Samahani wakuu nitaleta upande mwingine. Mbona kila siku mzigo anatwishwa mwananchi? Kampuni inatengeneza mamilioni ya chupa na vipakiti vya nailoni ambavyo havichakatiki, inavuna faida, halafu mama wa watu asuuze, atenganishe, abebe, na mtaro akazibue yeye. Watafiti walipiga hesabu mwaka 2017 wakakuta kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani mpaka 2015 ni asilimia 9 tu ilichakatwa, 12 ilichomwa, 79 iko dampo au imezagaa. Tusijidanganye tutachakata mpaka tulimalize hili tatizo. Kipakiti kidogo chenye tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja hakuna fundi atakayekinunua, hata kikiwa kisafi namna gani.

Ujerumani waliweka amana ya lazima kwenye chupa za kutupwa na makopo mwaka 2003, unalipia kidogo juu ya bei ukirudisha unarudishiwa chako, na karibu chupa zote zinarudi. Hakuna aliyefundishwa kupenda mazingira, chupa imepewa thamani tu. Kikundi kinachotumia nguvu yote kufagia kinamwachia mtengenezaji anapumua.

mzee_wa_kikao

Mwanangu hapo juu umesema kweli na sikupingi hata neno moja. Ila maji yakiingia ndani mvua ijayo hayatasubiri sheria ipite. Na haya mawili yanaweza kwenda pamoja, mkizibua mtaro msimwage tu, mwageni kwenye turubai mhesabu, hivi ni vipakiti vya nini, nembo ya nani, vingapi. Makundi ya mazingira nchi nyingi wanafanya hivyo. Mkienda kwa diwani au kwenye kikao cha halmashauri na karatasi inayoonyesha theluthi ya mtaro ni aina tatu za vifungashio, mnasikilizwa tofauti na mkienda na malalamiko. Na hayo mnayapata kwa watu waliokwishazoea kushirikiana, kikundi kilichokufa hakipeleki karatasi popote.

mama_bustani

Naongezea kwa huyo kijana, amesema jambo kubwa ambalo sote tumelipita. Kupunguza ndo kuwe mwanzo. Dumu la maji la kujaza tena, kikapu, nepi za kitambaa kwa anayeweza, mafundi wa kushona na kutengeneza vitu badala ya kutupa. Kitu ambacho hakijaingia nyumbani hakihitaji kutenganishwa.

binti_wa_mtaroni

Jamani asanteni, nimesoma majibu yote mara mbili na nimewasomea wenzangu. Mzee ile ya kuuliza nini kinakuzuia imetugusa, tumeanza na nyumba za karibu na kweli hatukutegemea, nyumba kadhaa zilizo bondeni gari la taka halijawahi kuzifikia kwa sababu njia ni nyembamba, na ndo hao tuliokuwa tunawaita wachafu kwenye vikao. Nimejisikia uchungu kwa ajili yao kwa kweli. Kuna kaka mmoja mwokota chupa amekubali kukaa na sisi na amesema analeta na wenzake, na alipoingia stoo akatuchambulia mzigo kwa macho tu haraka ajabu, akasema PET iko ya kutosha ikioshwa na kupondwa atatupeleka kwa anayechukua.

Mapipa ya rangi tumekubaliana yaondoke barabarani, mawili tutayatoboa yawe ya mboji ya zile nyumba za bondeni maana ndo wenye shida zaidi, na mama mmoja wa hukohuko amejitolea kusimamia. Mgawanyo wa mtaro watapanga wenyewe, sisi tutaleta kamba ya kupimia tu.

Kweli_iko_wapi nakubaliana na wewe na turubai tutalitandika, kuna mwalimu kwenye kikundi anataka wanafunzi wakubwa ndo wahesabu na kuandika, na glavu tutatafuta.

Bado kuna vitu hatujui pa kuvipeleka, vioo vilivyovunjika, betri za simu na za tochi, na nepi. Fundi naomba neno hapo.

fundi_chakavu

Safi sana dada, huyo kaka mshikilieni vizuri na mkubaliane mapema mgao wake, kabla hela haijaanza kuonekana.

Kioo kinachakatika hata mara mia bila kupungua ubora, tatizo ni uzito wake na umbali, kama hakuna kiwanda karibu usafiri unakula kila kitu. Chupa nzima zina wanaozitumia tena, hizo tenga uuze kwa idadi. Vilivyovunjika weka kwenye dumu gumu la plastiki lililokatwa juu, andika kioo, usiweke kwenye kiroba maana atakayebeba atakatika. Vioo vya madirisha, vya balbu na sahani za kauri usichanganye na chupa, haviyeyuki sawa.

Nepi hakuna anayenunua na kwenye mboji msiweke, hizo zifungwe peke yake ziende na gari, na kwa nyumba za bondeni inabidi muwabane wenye gari wapange sehemu ya kuzipokea pale njia inapoishia. Hilo ni la kikao cha mtaa, muandike barua mpate muhuri wa kupokelewa.

Betri ndo msizichukulie poa kabisa. Za simu na laptopu ni za lithiamu, ikitobolewa au kubanwa inawaka moto wa kujirudia, na ikiwa ndani ya stoo yenye karatasi na plastiki itaondoka na nyumba. Bandika gundi ya karatasi au selotepu kwenye ncha zake, weka kwenye chombo chenye mchanga mkavu, mbali na jua na mbali na mzigo mwingine. Iliyovimba msiiguse guse na msijaribu kuitoboa itoke hewa. Za gari zina madini ya risasi (lead) na tindikali, zinanunuliwa sana, ila ziuzwe nzima, kuna watu wanazipasua uani wanamwaga ile tindikali wabaki na risasi, na risasi inaharibu akili za watoto hata ikiwa kidogo. Mkimjua mtu anayefanya hivyo mtaani kwenu muongee naye mapema.

Za tochi kusanyeni kwenye chupa kavu, na mafundi simu waulizeni wao za kwao wanampelekea nani, mara nyingi kuna mtu anapita kuchukua vifaa chakavu vya elektroniki na anaweza kuwapitia na nyinyi.